Kabla hujasema mbwa wako kapewa sumu

Hapa Kunduchi Mtongani mbwa hafi kwa ugonjwa. Akifa, kapewa sumu. Nimeishi hapa tangu 1994 na sijawahi kumsikia jirani akisema mbwa wake alikufa kwa figo, ini au moyo. Asubuhi anakutwa amelala karibu na geti, watu wanakusanyika, mmoja anasema wezi wametupa nyama yenye dawa, mwingine anataja nyumba fulani kwa sauti ya chini, na jioni mbwa amekwishazikwa. Hata mimi nimelisema neno hilo, na mwaka 2024 nusura linigombanishe na watu ninaosalimiana nao kila siku.

Mbwa wangu aliitwa Doria. Mama yake alikuwa wa kienyeji, na baba yake mmoja wa wale wakubwa wenye masikio yaliyosimama, ambao watu huwaita mbwa wa polisi. Alikuwa na miaka 6. Mjukuu wangu ndiye aliyempa jina, kwa sababu tangu mdogo hakujua kutulia: atauzunguka ukuta, atafika kwenye mkorosho, atarudi barazani, kisha ataanza upya. Tangu mume wangu afariki, Doria ndiye aliyekuwa akiniamsha. Saa 11 alfajiri, adhana ikianza, alikwaruza mlango mara mbili akaningoja. Wanaomwona mbwa kuwa ni kengele ya geti tu huenda wasinielewe hapa, nami sitawashawishi.

Mvua za mwaka ule zilianza tangu vuli, zile za El Nino, na masika ikazikuta bado zinanyesha. Kimbunga Hidaya kiliposogelea pwani yetu mwanzoni mwa Mei, maji ya mtaro wa barabarani yaliingia uani kwangu na kukaa siku nne. Panya walihama mashimo yao. Tuliwaona mchana kweupe, wakubwa, wakipita juu ya ukuta kwenda stoo ninakoweka pumba za kuku. Doria aliwakimbiza, na alipochoka alikunywa kwenye madimbwi ingawa sufuria yake ilijaa maji safi. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu na sikuyatilia maanani.

Katikati ya Mei aliacha kula. Alisusa ugali, nikadhani amekinai dona. Nikamchemshia vichwa vya kolekole kutoka soko la Kunduchi Pwani. Alinusa, akageuza uso. Akaanza kutapika povu la njano. Akitembea mgongo umejikunja na miguu ya nyuma imekakamaa. Siku ya tatu mdomo wake ulikuwa unanuka mkojo. Mlinzi wangu akasema, "Mwalimu, huyu kapewa kitu." Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua ni nani aliyempa. Upande wa pili wa ukuta wangu anaishi kijana ambaye wiki mbili kabla ya hapo Doria alimrarua suruali. Alikuja kulalamika, tena kwa adabu na kwa haki yake. Jioni ile nilikutana naye njiani, akanipa shikamoo, nikapita bila kuitikia. Nimefundisha watoto miaka 34, na sijawahi kumfanyia hivyo mtoto wa mtu.

Daktari wa mifugo alikuja kwa bodaboda akitokea Tegeta, begi mgongoni, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbwa wangu kapewa sumu. Nipe dawa ya kuiondoa."

Hakubishana nami. Alimpapasa tumbo, akafunua midomo akatazama ufizi, akauliza mara ya mwisho alikojoa lini. Sikuwa na jibu. Mlinzi alisema tangu juzi hajamwona akiinua mkia kwa haja hiyo. Ndipo daktari akanieleza jambo ambalo nataka kila mwenye mbwa alisikie. Sumu zinazotupwa uani usiku mara nyingi ni dawa za kuua wadudu, na hizo hazingoji siku tatu. Mbwa anatokwa na udenda, anatetemeka, anashikwa na degedege, na mara nyingi ndani ya saa chache mambo yamekwisha. Sumu za panya zilizo nyingi madukani humfanya atokwe na damu. Mbwa anayenyauka siku hadi siku, anayetapika na kunuka mkojo mdomoni, achunguzwe figo kwanza.

Damu ikachukuliwa, ikapelekwa maabara mjini. Kreatinini, ambayo ni taka ya misuli inayochujwa na figo, ilisoma 612. Kwa mbwa mzima inatakiwa iwe chini ya 125 hivi. Kumbe figo ni kiungo chenye subira ya ajabu: kipimo hicho huanza kupanda pale ambapo karibu robo tatu ya uwezo wake imekwishapotea. Hadi hapo mbwa anakimbia, anabweka, na mwenye mbwa hana habari.

Nikauliza, "Nini kimeziua?"

"Mama, sijui," alisema. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Alichokishuku zaidi ni homa ya mgunda.

Wasomaji watakumbuka jina hilo. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa, kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani, na kwa siku kadhaa taifa zima liliuita ugonjwa usiojulikana. Sampuli zikachukuliwa, na tarehe 18 mwezi huo Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ni mgunda. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Chanzo cha mgunda ni bakteria mwembamba aliyejisokota kama uzi wa skrubu. Anakaa ndani ya figo za panya bila kumdhuru panya mwenyewe, anatoka na mkojo, na kwenye maji yaliyotuama au udongo mbichi anaweza kuishi kwa wiki kadhaa. Huingia kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Akishamwingia mbwa, au mtu, figo na ini ndivyo viungo anavyoviumiza zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wamewafuatilia bakteria hawa kwa miaka mingi, kwa panya, kwa mifugo na kwa binadamu. Hivyo hakuna anayeweza kusema kuwa si wa nchi hii.

Lakini kuuthibitisha kwa mbwa mmoja wa Mtongani ni kazi. Kipimo kinachotegemewa hutafuta askari wa mwili waliojitokeza kupambana na bakteria, na wiki ya kwanza askari hao huwa bado hawajatosha kuonekana. Kwa hiyo damu huchukuliwa mara mbili, ya pili baada ya wiki mbili hivi, ili ionekane kama kiwango kimepanda. Doria hakuwa na wiki mbili za kungoja. Daktari alimwanzishia dawa ya bakteria kwa kushuku tu, pamoja na dripu.

Tulitundika dripu kwenye msumari wa dirisha la barazani. Mlinzi alimshika mchana, mimi usiku, na kila alipokojoa kidogo tulipima kwenye kikombe cha plastiki na kuandika kwenye daftari la zamani la mahudhurio. Niliuza majogoo 8. Watu waliuliza kama fedha zote hizo ni za mbwa, na wengine walinihurumia kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Jirani yangu mmoja, hajati wa makamo ambaye kwa imani yake hamgusi mbwa, hakuuliza. Alimtuma mwanawe na ndoo ya maji safi, akanikumbusha kisa cha yule mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu na Mungu akamsamehe. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika siku mbili. Sikumwambia, aliona mwenyewe.

Siku ya sita daktari aliuliza swali ambalo angeuliza siku ya kwanza kama mimi nisingempokea kwa habari za sumu. Je, kuna dawa yoyote nilimpa kabla hajaja? Nilimpa. Vidonge viwili vya diklofenaki, vyangu vya goti, kwa sababu alikuwa analia na mgongo. Dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa mbwa hata kiasi kidogo kinaweza kumwumiza. Doria alikuwa anaumwa kabla sijampa, hilo lina uhakika. Lakini kama zilikuwa zimebaki chembe za figo za kumvusha, sitajua kamwe kama ni mgunda uliozimaliza au ni mkono wangu. Wiki nzima nilikuwa namtazama kijana wa watu kwa jicho la shari, na sumu pekee tunayoijua kwa hakika katika kisa hiki ilitoka kwenye kabati langu.

Alikufa alfajiri ya siku ya kumi. Nilimzika asubuhi ile ile, kama tunavyofanya wote. Hilo nalijutia. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una makao yake Temeke, mji huu huu, na kipande cha figo kingeweza kusema ambacho damu haikusema. Sikuwaza kabisa kwamba mbwa wa nyumbani naye hupasuliwa ili kujua kilichomuua.

Wiki mbili baadaye mlinzi wangu alishikwa na homa, kichwa, na maumivu ya mashavu ya miguu kiasi cha kushindwa kupanda ngazi. Kwenye zahanati walimpima malaria, haikuonekana, wakampa dawa za maumivu akarudi. Kesho yake nilikwenda naye. Nilimweleza tabibu kwamba mtu huyu alisafisha mkojo na matapishi ya mbwa mgonjwa wa figo kwa mikono mitupu, kwenye uwanja uliokuwa na maji ya mafuriko, akiwa na kidonda mguuni. Tabibu aliweka kalamu chini, akauliza maswali mengine matano, akabadilisha dawa. Mlinzi alipona. Kama ulikuwa mgunda hakuna anayejua, maana hata damu yake haikupelekwa popote.

Ndiyo sababu naandika. Serikali yetu inamjua mbwa kwa ugonjwa mmoja tu, kichaa. Kila inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, meza za chanjo huwekwa mitaani, na hilo ni jema, liendelee. Lakini mbwa anayeogelea kwenye madimbwi yetu na kukamata panya wetu anaugua kabla yetu. Figo zake zikifa bila maelezo, jambo hilo linamhusu na mtoto anayecheza kwenye dimbwi lile lile. Naiomba Manispaa ya Kinondoni: siku za kuchanja kichaa, maofisa mifugo waulize pia ni mbwa gani wamekufa tangu mvua, na walikufaje, waandike. Iwepo njia ya daktari wa mifugo wa mtaani kufikisha sampuli Temeke kwa gharama ambayo mstaafu anaimudu, na jibu lifike kwenye zahanati ya kata, siyo kwa mwenye mbwa peke yake.

Wapo watakaosema hata ukipima huenda usipate jibu. Ni kweli. Uingereza tangu mwishoni mwa 2012 kuna ugonjwa unaowatoa mbwa vidonda vya ngozi na kuziua figo zao, na pamoja na maabara zao zote chanzo hakijapatikana. Lakini wamehesabu kila mbwa. Kwa sababu hiyo wanajua kwamba wengi huugua kati ya Novemba na Mei, baada ya kutembezwa misituni kwenye matope, na mwenye mbwa anashauriwa kumsafisha miguu akirudi. Sisi hatuna hata orodha, kwa kuwa kila mmoja alikwishaandikiwa sumu.

Kaburi la Doria liko chini ya mkorosho. Aliyelichimba ni kijana yule wa upande wa pili wa ukuta. Alisikia nikilia, akagonga geti akiwa na jembe, na safari hii niliitikia shikamoo yake kabla ya kumwomba radhi.

Wewe mwenye mbwa, mpeleke akachanjwe na mgunda pamoja na kichaa, kwa kuwa chanjo ya mbwa inayoukinga ipo na hurudiwa kila mwaka. Fukia madimbwi, funika pumba, ziba matundu ya panya. Akiacha kula usimpe kidonge chako, hata awe analia vipi. Vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi unapomsafisha, na ukishikwa na homa mwambie tabibu kwamba una mbwa mgonjwa. Akifa, piga simu kwa daktari wa mifugo kabla ya kuchukua jembe. Na jina la mtu yeyote lisitoke kinywani mwako hadi majibu ya damu yarudi.