TV ya sebuleni mezani? Acheni hizo!

Jamani wadau, huu ulimbukeni wa kununua TV ya inchi 43 na kuigeuza monita ya kompyuta umetoka wapi? Eti kubwa ndiyo bora! Hebu tupige hesabu. TV ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, sawasawa na monita ya kawaida ya inchi 24. Pikseli zile zile, zimetandazwa kwenye eneo la zaidi ya mara 3. Herufi zitaachaje kuota manyoya? Na wewe unashinda umeikodolea macho kwa umbali wa nusu mita!

Ya 4K, sawa, tutaongea, mradi ipokee rangi kamili, 4:4:4. Bila hivyo maandishi mekundu yanavuja kama wino. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji achomeke laptop, ufungue habari ndefu uisome. Akinuna, ondoka na hela zako.