Matumbawe Nayo Hukosa Pumzi



Huenda hujawahi kuiona bahari, kwa kuwa nchi yetu ya Uganda haina pwani. Hata hivyo, unalijua Ziwa Viktoria, na huenda unakumbuka yaliyotukia mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wakubwa walipoonekana wakielea wafu ufuoni. Serikali ilieleza kwamba walikosa oksijeni majini. Ukilielewa jambo hilo, utaielewa pia hatari inayoyakabili matumbawe ya bahari.

Sarufi huliweka neno tumbawe katika ngeli ya LI-YA, pamoja na jiwe. Labda ndiyo sababu wengi hudhani kuwa ni jiwe. La hasha! Tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo, laini, wajengao nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutumia nuru ya jua kutengeneza chakula, huwagawia wenyeji wake, na huwapa rangi.

Joto la bahari likizidi kilele chake cha kawaida cha mwaka kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, kwa majuma kadhaa, ujirani huo huvunjika. Mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Hali hiyo huitwa kupauka, neno lile lile tulitumialo kwa ngozi isiyopakwa mafuta. Tumbawe lililopauka bado li hai. Maji yakipoa mapema, huweza kupona. Yasipopoa, hufa kwa njaa. Ndivyo yalivyoangamia matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi mwaka 1998, yakiwemo ya pwani za Kenya na Tanzania.

Adui wa pili hatajwi sana, naye ni upungufu wa oksijeni. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, ilhali joto hilo hilo humfanya mnyama aihitaji zaidi. Maji taka na mbolea vikimiminika baharini, mwani wa majini hustawi kupita kiasi, kisha hufa. Nao bakteria wauozeshao huimaliza oksijeni iliyosalia. Mwezi wa Septemba 2017, huko Bocas del Toro nchini Panama, maji ya kina yalipungukiwa oksijeni, na matumbawe yakapauka na kufa.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wasemao kwamba sisi hatuna la kufanya kwa kuwa joto la dunia limeletwa na mataifa tajiri. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya deni hilo ni yao, na hatuna budi kuwadai. Kusafisha maji pekee hakutaizuia bahari kupata joto. Lakini maji taka yanayotoka katika miji yetu hayakuletwa na mgeni. Kiumbe anayepambana na joto asiongezewe mzigo wa kukosa pumzi.

Utasema: maji ya ziwa letu huondoka Jinja kwa Mto Nile hadi Mediterania, si Bahari ya Hindi. Naam, ni kweli. Ila kanuni inayoua matumbawe ndiyo inayoua samaki wetu. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda inakupa haki ya kuishi katika mazingira safi, na Ibara ya 17 inakupa wajibu wa kuyalinda. Basi nenda kwa diwani wako umwulize swali moja: maji taka ya mji wetu huishia wapi? Uliza kwa Kiswahili sanifu na kwa adabu, wala usikubali kujibiwa kwa kicheko.