Staa, Tuonyeshe na Kile Kiti cha Daktari wa Meno

Wadau, leo naanza na umbea halafu nahamia kwenye hasira, mnivumilie.

Kuna staa mmoja wa hapa hapa Bongo, jina kapuni, aliyetengeneza meno yakawa meupe kama vigae vya bafuni. Tabasamu lake tumeliona kila pembe: kitandani, ndani ya gari, kwenye boti Zanzibar. Kitu ambacho hatujawahi kukiona ni sekunde kumi tu akiwa kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi, vidole vimeng'ang'ania mkono wa kiti. Meno kayaanika, kiti kakificha.

Halafu yupo mchekeshaji, naye tumwache bila jina. Klipu yake ilizunguka kila kundi la WhatsApp: daktari wa meno ana koleo la fundi baiskeli, mgonjwa kakandamizwa na wanaume watatu. Nilicheka mpaka machozi, nikamtumia binamu yangu kule Lipingo. Akanijibu kwa sauti, maneno yanatoka kwa shida: "Dada, we cheka tu. Ndiyo maana mimi siendi." Shavu lake lilikuwa limevimba siku ya nne.

Kicheko kikaniisha.

Kwa msiopajua, Lipingo ni kwetu, wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma, ufukweni kabisa mwa ziwa. Huyu binamu anaingia ziwani usiku na mtumbwi, mawimbi yakiwa hayataki mchezo, na asubuhi anarudi anapiga mluzi. Mtajie kiti cha meno, ghafla ana nyavu za kushona. Kwa hiyo msije hapa na ile ya "acha utoto, kuwa mwanaume". Mwanaume ni huyo.

Huu woga tulifundishwa. Nani hakuambiwa utotoni "ukikataa kupiga mswaki nakupeleka ukang'olewe"? Na kuna kitu kibaya zaidi ambacho hatupendi kukisema: yale mambo ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga ana homa, anaharisha, basi anapelekwa kwa mtu anampasua fizi na kumtoa kitu cheupe laini. Hakuna meno ya plastiki, jamani. Kile ni chipukizi cha jino la kawaida ambalo halijakomaa, na kuna watoto waliopoteza maisha kwa vidonda vile. Waliosikia vilio hivyo wakiwa wadogo ndio leo watu wazima tunaowacheka wakikimbia sindano.

Sasa tazama mtego wenyewe. Jino linaanza na tundu dogo, haliumi. Unaogopa, huendi. Linaanza kuuma, unaweka karafuu, na karafuu kweli inatuliza, inatia ganzi kidogo, ila tundu liko pale pale linachimba. Wengine wanaweka ugoro, na wapo wanaothubutu hadi maji ya betri (usijaribu, utaunguza fizi na ulimi). Usaha ukishajaa ndiyo unakwenda, na hapo unakutana na jambo ambalo hakuna mtu alikwambia: ganzi haishiki vizuri sehemu yenye usaha, kwa sababu pale pamejaa tindikali. Unaumia kweli. Unarudi mtaani unasimulia kwamba ganzi ni uongo. Na msikilizaji wako naye ana katundu kadogo, haendi. Binamu yangu ndivyo ilivyomtokea: alipewa dawa kwanza, akarudishwa nyumbani asubiri uvimbe ushuke, yeye akawaambia kijiwe kizima kwamba ameshindikana.

Na hilo siyo la kuchekea. Uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Watu wanakufa kwa jino.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Miaka ya 1980 hapa hapa Tanzania, kupitia chuo chetu cha meno Dar es Salaam, ilianza kujaribiwa njia ya kuziba jino bila ile mashine inayolia kama nyuki. Daktari anakwangua uozo kwa vifaa vya mkono, anaziba kwa dawa inayoshika jino yenyewe. Haihitaji umeme, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Kitu kama kimetengenezewa Lipingo! Uliza sasa mtaani kwako ni wangapi wanakijua. Wengi tunajua neno moja tu: kung'oa.

Na ninyi madaktari, nawaheshimu, lakini baadhi yenu mnachangia. "Fungua mdomo, usinisumbue" siyo matibabu. Mgonjwa anayetetemeka akikaripiwa leo, mtamwona tena miaka kumi baadaye akiwa hana meno ya kutibu.

Wewe unayesoma huku ulimi unagusa lile tundu, nenda kabla halijauma. Siku ya kwanza mwambie wazi, "Dokta, mimi ni mwoga, leo nataka uangalie tu." Haina aibu, wanaambiwa hivyo kila siku. Kubalianeni kwamba ukinyoosha mkono, anasimama. Ganzi ikichomwa, mwombe aijaribu kwanza, na kama bado unahisi maumivu, sema. Kula kabla ya kwenda, maana njaa na hofu zikikutana kwenye kile kiti ndiyo kizunguzungu. Chukua ya asubuhi, ukisubiri jioni utakuwa umeshajitisha kutwa nzima. Na nenda na mtu.

Binamu alirudi uvimbe ulipokwisha. Ganzi ikashika, jino likatoka, akanipigia simu analalamika kwamba mdomo umelala hawezi kunywa chai. Hayo ndiyo malalamiko yake yote! Sasa ana jingine lenye tundu dogo, anataka likazibwe, ila amesema nimtumie nauli na nikae naye kwenye benchi. Nakwenda mwezi ujao.

Klipu nimeifuta kwenye simu. Staa wetu, nawe mchekeshaji, wafuasi mnao. Sekunde kumi tu za kile kiti. Tunasubiri.