Breki Zinazojifunga Zenyewe Zipimwe kama Dawa

Mhudumu wa afya hapokei kipimo kipya cha maabara kwa sababu tu ya sifa anazozitoa mtengenezaji. Huuliza kwanza maswali mawili. Kati ya wagonjwa wa kweli, kipimo hiki huwakosa wangapi? Na kati ya wazima, huwatangaza wangapi kuwa wagonjwa? Maswali hayo hayo yanastahili kuulizwa kuhusu kifaa kinachozidi kuenea katika magari, yaani mfumo wa breki za dharura zinazojifunga zenyewe.

Mfumo huu hutumia kamera iliyowekwa nyuma ya kioo cha mbele, mara nyingi ikisaidiana na rada. Kompyuta ya gari hukadiria umbali na kasi ya kilichopo mbele, humwonya dereva, na asipoitikia hufunga breki kwa niaba yake. Faida yake si ya kubuni. Nchini Marekani, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani iitwayo IIHS imeona kwamba magari yenye mfumo huu huyagonga ya mbele yao kwa nyuma takriban nusu ya kiwango cha magari yasiyo nao. Utafiti wake wa mwaka 2022 ulionyesha pia kwamba ajali za kuwagonga watembea kwa miguu zilipungua kwa asilimia 27. Yeyote aliyewahi kushika zamu katika chumba cha majeruhi anajua uzito wa tarakimu hizo.

Lakini utafiti huo huo ulikuwa na upande wa pili. Gizani, pasipo na taa za barabarani, hapakuonekana tofauti yoyote kati ya magari yenye mfumo na yasiyo nao. Hali ilikuwa hivyo hivyo kwenye barabara za mwendo wa kilomita 80 kwa saa na zaidi, na pale gari lilipokuwa likikata kona. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio kwa kutumia sanamu. Kwa mwendo wa kilomita 32 tu kwa saa, sanamu ya mtoto anayechomoza kati ya magari yaliyoegeshwa iligongwa katika asilimia 89 ya majaribio. Januari 2025, IIHS ikaeleza kwamba magari mawili kati ya matatu iliyoyajaribu usiku yalishindwa kumtambua mtu aliyevaa nguo zenye mistari inayoakisi mwanga, vazi lile lile ambalo askari wa usalama barabarani na wafanyakazi wa ujenzi huvishwa ili waonekane.

Kosa la kinyume chake nalo lipo, yaani breki kujifunga wakati mbele hakuna kitu. Oktoba 2021, kampuni ya Tesla iliyaita magari 11,704 nchini Marekani kwa marekebisho, baada ya programu mpya kuweza kusababisha maonyo ya uongo au breki zisizotarajiwa. Anayefuatwa kwa karibu na lori anajua hatari ya kusimama ghafla. Hasara nyingine huja polepole. Muuguzi wa wodi ambamo mashine hulia usiku kucha bila sababu hatimaye huacha kuusikia mlio, hata ule wa kweli. Dereva naye akichoshwa na maonyo ya uongo, huuzima mfumo.

Serikali zimeanza kuchukua hatua. Umoja wa Ulaya unautaka mfumo huu katika magari yote mapya tangu Julai 2024. Marekani ilitoa kanuni Aprili 2024 kwamba ifikapo Septemba 2029 magari mapya mepesi yaweze kuwatambua watembea kwa miguu mchana na usiku. Kanuni hizo ni njema, lakini zinahusu gari linapotoka kiwandani. Afrika Mashariki hupokea magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani, nchi iliyoanza kuulazimisha mfumo huu kwa aina mpya za magari Novemba 2021. Kenya huruhusu magari yenye umri usiozidi miaka minane. Kwa hiyo kifaa hiki kinaingia kupitia bandarini, na mara nyingine maelezo yake yako kwa Kijapani. Kioo cha mbele kikipasuliwa na jiwe, hubadilishwa gereji, na kamera isipopangwa upya kwa vipimo vyake hutazama kando kidogo. Kipimo bora kikitunzwa vibaya hutoa majibu ya uongo, na mwenye gari hana njia ya kujua.

Atatokea wa kusema kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Ni kweli, na hakuna sababu ya kukikataa kifaa kinachookoa watu. Lakini anayekosa kuonekana vyema na mfumo huu ndiye anayeumia zaidi barabarani hapa, yaani anayetembea usiku kando ya barabara isiyo na taa, na mtoto anayevuka akitoka shule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Gari lenye akili lisiwe kisingizio cha kuacha kuweka taa, matuta na njia za waenda kwa miguu.

Dawa yenye manufaa bado huandikiwa madhara yake, na madhara hayo hukusanywa hata baada ya dawa kuingia sokoni. Breki hizi zitendewe vivyo hivyo. Ukaguzi wa magari ya mtumba uhusishe kamera na rada. Anayemhoji majeruhi aulize kama gari lilikuwa na mfumo huo na ulifanya nini, kisha jibu liandikwe katika jalada. Atembeaye usiku aendelee kuvaa nguo zinazoakisi mwanga, kwa kuwa jicho la dereva huziona hata pale kamera inaposhindwa. Na dereva auhesabu mfumo huu kuwa msaidizi tu, mguu wake ukiwa tayari kwenye breki.