NYUMBA NA AFYA: Mafuta ya Kunukia na Dhamana ya Mwenye Kuyatengeneza



Mabinti wawili katika wanafunzi wetu wa chuoni wametutaka tuandike katika ukurasa huu namna ya kutengeneza mafuta ya kunukia ya kutumia nyumbani: ya kujipaka mwilini, ya kuchua viungo, na ya kutia harufu njema chumbani. Ombi lao ni jema, na tumelikubali. Lakini hatuwezi kulijibu kwa mapishi matupu, kwani katika jambo hili tuna deni letu wenyewe, na deni hulipwa kabla ya sadaka.

Hapana shaka kuwa dini yetu imehimiza tiba na imependa manukato. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, naye alipenda harufu nzuri, na akausia mafuta ya zaituni kwa kuliwa na kwa kupakwa. Wanavyuoni wa Kiislamu nao hawakuishia kusifu tu. Al-Kindi, aliyeishi Iraq katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya kutengeneza manukato na kuyakeneka. Basi binti wa leo anayekaa jikoni na chupa zake hafanyi jambo geni.

Sisi watu wa visiwa hivi tumejaaliwa zaidi. Karafuu imeanikwa mbele ya milango yetu tangu enzi za mababu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo mama wa zao hilo. Huko Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda ambacho watu hukiita Kiwanda cha Makonyo, kwa sababu hukeneka mafuta kutokana na makonyo ya karafuu. Na hukeneka ya mimea mingine pia, kama mchaichai na mkaratusi.

Hapa ndipo yatupasa tupambanue, kwani wengi wetu huyaita yote "mafuta" kisha tukayafanya sawa. Mafuta yana namna tatu. Namna ya kwanza ni ya kukamuliwa, kama nazi, ufuta, zaituni na habbasoda. Haya ni mazito na mapole, na mengi katika hayo huliwa. Namna ya pili ni ya kukenekwa: mmea hupitishwa mvuke, mvuke ukapozwa, mafuta yakajitenga na maji. Haya ni makali mno. Kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai kwa kawaida hazitoi hata kilo 1 ya mafuta. Basi fikiri, ewe msomaji, tone moja limebeba majani mangapi! Namna ya tatu ni ya kuroweka, yaani maua au viungo hulazwa ndani ya mafuta mapole hata yakachukua harufu yake. Haya ndiyo aliyokuwa akiyafanya bibi yetu, na ndiyo yanayofaa kufanywa nyumbani.

Sasa tulieleze lile deni. Miaka michache iliyopita tulinunua mafuta safi ya karafuu, ya namna ile ya pili, kwa ajili ya magoti yetu. Mama wa mwanafunzi wetu mmoja akaja akatwambia, "Shikamoo Maalim. Mdogo wake huyu mwanafunzi wako kifua kinambana, hata usiku halali. Nimesikia mna mafuta mazuri hapa nyumbani." Tukaona ni thawabu. Tukatafuta chupa, tukapata moja tupu iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, tukammiminia. Karatasi ya dawa ile hatukuibandua. Tukamwambia, "Mwanangu, matumizi yake unayajua," tukarudi kwenye kitabu chetu.

Yule mama hakuyajua. Aliona chupa ya dawa ya kikohozi, naye mwanawe ana kikohozi. Akampa kijiko. Mtoto hajatimiza miaka miwili. Hazikupita saa nyingi akalegea, akawa haamki akiitwa, pumzi zake zikawa si pumzi za mtoto aliyelala. Wakamkimbiza hospitali, akalazwa siku tatu. Mwenyezi Mungu alimrudisha, na leo yuko chuoni kwetu, anasoma juzuu ya Amma. Lakini zile siku tatu hatukuweza kusomesha.

Tulipokwenda kumtaka radhi, yule mama hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Maalim, mimi nilidhani kitu kilichotoka nyumbani kwako hakiwezi kumdhuru mwanangu." Laiti angetutukana, ingekuwa nafuu kwetu.

Ndugu zetu, Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye kujitia katika utabibu hali hajulikani kuwa ni tabibu, yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Hadithi hii tumewasomesha watu kwa miaka mingi, wala hatukudhani kuwa inatuhusu sisi, kwa sababu tulitoa bure na kwa nia safi. Nia safi humpa mtu ujira kwa Mola wake, lakini haigeuzi sumu ikawa dawa. Mwenye kutoa chupa ametoa amana, na amana haitimii mpaka ielezwe.

Baada ya hayo, tuwajibu mabinti zetu.

Kwanza, mafuta ya nazi, ambayo ndiyo msingi. Kuna nazi zilizokomaa, kamua tui zito, uliteleke kwa moto mdogo hali unakoroga. Maji yatakauka, mafuta yatajitenga, na mashapo yatageuka rangi ya dhahabu. Epua kabla hayajaungua, chuja kwa kitambaa safi, na uyaache yapoe bila ya kufunikwa kabisa, ili jasho la mfuniko lisirudi ndani. Maji yakibaki, mafuta huvunda.

Pili, mafuta ya karafuu ya kuroweka, kwa wazee wenye kuumwa na viungo. Chukua kijiko kikubwa kimoja cha karafuu kavu kabisa, uzitwange kidogo tu, uzitie katika chupa ya kioo pamoja na robo lita ya mafuta ya nazi. Isimamishe chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, kwa muda wa saa moja au mbili, kisha chuja. Yatatosha kuchulia magoti na mgongo. Anayetaka kutumia mafuta ya kiwandani badala ya kuroweka, basi asizidishe matone 3 katika vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya nazi. Yakipakwa matupu huunguza ngozi.

Tatu, mafuta ya asumini, ya nywele na ya mwili. Chuma asumini jioni zinapofunguka, uzitandaze juu ya kitambaa mpaka umande ukauke, kisha uzilaze ndani ya mafuta ya nazi usiku kucha. Asubuhi zitoe, jioni tia nyingine. Fanya hivyo siku tano au saba. Mwisho uyaache yatulie, na uyamimine taratibu ili maji yaliyokaa chini yasifuate. Harufu yake ni pole, nayo hudumu. Anayependa langilangi au kilua atafanya vivyo hivyo. Bibi arusi hana haja ya manukato ya bei ghali ikiwa mama yake ana subira ya siku saba.

Nne, mchaichai kwa ajili ya mbu. Matone 4 ya mafuta yake katika vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya nazi, apakwe mtu mzima miguuni na mikononi. Husaidia kwa muda mfupi tu, kisha harufu hupotea na mbu hurudi. Kwa hiyo asidanganyike mtu akaacha chandarua. Malaria haiogopi harufu.

Ama jino linalouma, karafuu ina kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hutia ganzi, na madaktari wa meno nao hukitumia. Tone moja juu ya pamba, liguse jino, lisiguse ufizi. Lakini ganzi si kupona. Tundu la jino libaki pale pale, na mwenye nalo aende kwa daktari.

Haya ndiyo ya kufanya. Yafuatayo ndiyo ya kuepuka, nasi tunaomba yasomwe kwa sauti ndani ya nyumba, ayasikie hata asiyejua kusoma.

Mafuta ya kukenekwa hayanywewi. Ya karafuu, mkaratusi au kafuri, kijiko kimoja kidogo au pungufu ya hapo chaweza kumtia mtoto khatarini, akapatwa na degedege, au akapoteza fahamu, au likaharibika ini lake. Wala asipakwe mtoto mchanga kifuani wala usoni wala puani, japo kwa mafua. Yaweza kumziba pumzi. Mtoto anayepumua kwa shida dawa yake ni hospitali, na upesi.

Mafuta ya mwarobaini nayo, ijapokuwa mti wake tunausifu, asinyweshwe mtoto. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wasitumie mafuta makali bila ya kumwuliza daktari au mkunga. Na mtu yeyote anayetumia mafuta mapya, ayajaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, angoje siku nzima. Pakiwasha au pakiwa pekundu, ayaache. Aliyepaka ngozi ndimu au mafuta yake asitoke juani, kwani ngozi huungua na kuacha mabaka.

Ikitokea mtoto amekunywa, msimtapishe, wala msipoteze wakati kutafuta dawa ya kumwondolea. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa ile ile, ili daktari ajue alichokunywa.

Na chupa yenyewe iwe ya kioo cha rangi, kwa sababu mafuta makali hula plastiki, na mwangaza huyaharibu. Iwekwe juu, ndani ya kabati, mbali na jiko, kwani mafuta haya hushika moto upesi. Kamwe isiwe chupa iliyokuwa ya dawa au ya soda. Ibandikwe karatasi yenye kuandikwa mambo matatu: jina la mafuta, siku yalipotengenezwa, na maneno haya, YA KUPAKA, HAYANYWEWI. Kazi hiyo ya kuandika wapewe vijana wa nyumbani, wao ndio wenye khati nzuri, na watakuwa wamejifunza kabla ya kuambiwa.

Wengine hutuuliza juu ya udhu. Mafuta mepesi ambayo ngozi imeyanywa hayazuii maji. Lakini yakichanganywa na nta, au yakiganda juu ya ngozi hata yakawa na utando, basi yaondolewe kwanza, kwa sababu maji lazima yafike kwenye ngozi.

Hatuwaambii haya ili muogope karafuu. Mwenyezi Mungu ametuoteshea mlangoni, na kumshukuru ni kuitumia. Lakini neema nayo ina adabu yake, na adabu ya dawa ni kipimo. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Yule mama alimchelea mwanawe, nasi tulimchelea yule mama tusimrejeshe mikono mitupu. Na haba kidogo tungelia sote.

Tangu siku ile hakuna chupa itokayo nyumbani kwetu bila ya karatasi. Na kila anayekuja kuomba mafuta tunamketisha, tunamwuliza ni ya nani, ana umri gani, na atayatumiaje, kisha tunamtaka atuambie yeye mwenyewe alivyofahamu. Wengine huona tunarefusha maneno. Na waone hivyo. Kama yupo mtoto wa dukani, wa shambani au wa jirani ambaye chupa ya nyumbani kwako imemfikia bila ya maelezo, basi usingoje Ijumaa. Ondoka sasa hivi ukaieleze.

Wabillahi Taufiq.