Mcheza kwao hutunzwa

Kila ifikapo tarehe 20 Januari, wapenzi wa kandanda nchini Brazil humkumbuka marehemu Manuel Francisco dos Santos, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Garrincha. Alifariki dunia mjini Rio de Janeiro mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 49. Sisi wa Visiwa hivi tunayo sababu ya kumkumbuka pamoja nao, na sababu kubwa zaidi ya kujifunza kutokana na maisha yake.

Marehemu alizaliwa mwaka 1933 huko Pau Grande, mahali pa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, na yeye mwenyewe aliajiriwa kiwandani hapo angali kijana. Miguu yake yote miwili ilipinda upande mmoja, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza; lakini kwa Garrincha hapakuwa na haja ya kusingizia, kwani kilema kile kile ndicho kilichowapoteza mabeki. Walijua kwamba atapita kulia, na akapita kulia.

Mwaka 1958, katika fainali ya Kombe la Dunia nchini Sweden, alimpita beki mara mbili pembeni, akatoa pasi mbili, na Vavá akatia mabao mawili. Brazil ilishinda 5-2. Mwaka 1962 nchini Chile, Pelé alipoumia katika mchezo wa pili, mzigo ulimwangukia winga huyu. Alitia mabao mawili dhidi ya Uingereza, akatia mawili mengine dhidi ya wenyeji, na kombe likarudi Brazil. Pale yeye na Pelé walipocheza pamoja, timu yao ya taifa haikufungwa hata mara moja. Ndiyo maana watu wake walimwita Furaha ya Watu.

Siku ya mazishi, mwili wake ulilazwa katika uwanja wa Maracanã, kisha ukapelekwa Pau Grande juu ya gari la zimamoto. Wananchi walisimama njia nzima kumuaga. Hakuna aliyewaamrisha kutoka majumbani mwao. Mapenzi ya namna hiyo hayanunuliwi.

Lakini mtu yule aliyelilwa na maelfu alikuwa ameishi miaka yake ya mwisho katika ufukara na maradhi, akiingia na kutoka hospitali. Wako watakaosema kwamba alijiangamiza mwenyewe kwa ulevi. Ni kweli alikuwa mlevi, nasi hatuufichi ukweli huo. Hata hivyo tunauliza: magoti yake yalipouma, naye akadungwa sindano ili aweze kucheza, ni nani aliyefaidika? Waliohitaji miguu yake walikuwa wengi. Ilipokwisha kazi, waliohitaji kumtunza walikuwa wachache.

Haikuwa kwamba hapakutendwa lolote. Desemba 1973 ulifanyika mchezo wa kumuaga na kumchangia, na watu zaidi ya 130,000 waliujaza uwanja wa Maracanã. Huo ulikuwa wema mkubwa, lakini wema wa usiku mmoja si utaratibu. Fedha za mkupuo huisha, maradhi hayaishi. Leo uwanja wa mji mkuu wa Brasília una jina lake, ilhali mwaka 2017 ilitangazwa kwamba wasimamizi wa makaburi alikozikwa hawana hakika mifupa yake iko wapi. Jina limepata jumba, mwenye jina hana kaburi linalojulikana!

Basi sisi tujitazame. Barazani mwetu wamo wazee waliovaa jezi za Visiwa hivi, wakavuka bahari kwa majahazi na meli kwenda kuchezea heshima yetu. Vijana wanawapita bila ya kuwajua. Siku wakifa, tutajaa msikitini, tutawasifu kwa maneno mazuri, na viongozi watatoa rambirambi. Maiti hasikii sifa.

Hatuombi majumba wala sanamu. Tunawaomba viongozi wanaohusika na michezo, wakishirikiana na masheha na vilabu, kwanza waandike orodha ya wachezaji wote wa zamani walio hai: wako wapi, wanaumwa nini, wanaishi kwa kitu gani. Pili, wagonjwa miongoni mwao wapatiwe matibabu kwa utaratibu uliowekwa, si kwa kubembeleza ofisi hadi ofisi. Tatu, sehemu ndogo ya viingilio vya michezo mikubwa itengwe kila mwaka kwa ajili yao, na hesabu yake isomwe hadharani.

Nao wananchi wasingoje Serikali peke yake. Anayejua nyumba ya mchezaji mzee na apige hodi leo.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema huzikwa.