*NENO LA TAWI: NAKALA ALIYOPEWA MSHTAKIWA NI HAKI YAKE*



Tangu Jumatatu swali ni moja kwenye kundi: nani kamvujishia mshtakiwa maelezo ya tawi katika kesi ya mfuko wa rambirambi? Hakuna aliyevujisha. Amepewa mahakamani, kwa mujibu wa sheria.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaelekeza kwamba mtoa taarifa ya kosa akiwa pia shahidi, mshtakiwa apewe nakala ya taarifa hiyo na maelezo yake. Sisi ndio tuliokwenda polisi, kwa hiyo lazima ajue tumesema nini.

Mvutano uliobaki ni wa nyaraka nyingine. Wakili wake anaomba maelezo ya mashahidi wote, taarifa ya benki na vitabu vya risiti kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa. Upande wa mashtaka unasema ataviona vikitolewa kama vielelezo. Kwa kesi za Mahakama Kuu, maelezo ya mashahidi husomwa mapema na mshtakiwa hupewa nakala. Kwa mahakama za chini sheria haijanyooka hivyo. Kenya, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2008 katika kesi ya Cholmondeley kwamba hata ushahidi ambao waendesha mashtaka hawataki kuutumia utolewe, kama unaweza kumsaidia mshtakiwa. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 50, ikampa haki ya kuujua mapema ushahidi dhidi yake.

*Msimamo wa Kamati ya Utendaji: hatupingi ombi la utetezi. Apewe.*

Baadhi yenu mmeshauri kitabu cha pili cha risiti kibaki ofisini, kwa sababu kina malipo mawili ya misiba aliyoyatoa mshtakiwa, na yanapunguza kiasi tunachodai. Tumeshakikabidhi kwa mpelelezi, kurasa zote, kwa maandishi. Hesabu haikaguliwi kwa risiti za upande mmoja. Kama fedha zimeliwa, zitaonekana hata malipo hayo yakiondolewa. Kama pengo ni dogo kuliko tulivyodhani, heri tujue sasa kuliko mtu kufungwa kwa hesabu pungufu.

Wapo wanaohofia mashahidi kutishwa. Hofu hiyo ni ya kweli, maana tunaishi mtaa mmoja. Lakini dawa yake ni shahidi husika kuomba ulinzi wa mahakama. Taarifa ya benki haiwezi kutishwa na mtu, haina sababu ya kufichwa.

Tukumbuke pia: vijana wetu wakikamatwa, sisi ndio wa kwanza kulalamika kwamba wanapandishwa kizimbani gizani. Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu haiulizi kadi ya chama. Tukimnyima haki hii tunayemchukia leo, kesho tutaidai kwa mdomo gani?

*Maelekezo:*
1. Asiandikwe wala kutumiwa ujumbe mshtakiwa au familia yake kuhusu kesi.
2. Maelezo ya mashahidi yasirushwe kwenye kundi.
3. Mwenye risiti yoyote ya mfuko, iwe inatusaidia au inamsaidia yeye, ailete ofisini kabla ya Ijumaa.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji.